Wasio na Mtu wa Kuwaombea

Madras, 14 Juni 1986

Mpendwa Baba Mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza hivyo kwa kuwa najua vinginevyo usingeusoma mstari wa pili. Mimi ni mzima. Chakula cha bweni ni kilekile, wali na mchuzi wa dengu, na yai siku ya Jumapili. Mwambie Mama Mkubwa kwamba achari yake ya maembe iliisha siku ya nne, na kwamba wenzangu wanne ambao hawajawahi kumwona sasa wanamwita mama. Shangazi Kunjeli ameniandikia kwamba ng'ombe amezaa. Hongereni nyote wawili, wewe na ng'ombe.

Sasa shida yangu. Profesa amenikubalia mada ya shahada ya uzamivu. Mada ni hii: je, sala humsaidia mgonjwa? Sizungumzii mahubiri, nazungumzia takwimu. Wagonjwa wa upasuaji wa moyo katika hospitali tunayofanyia kazi wataulizwa, na watakaokubali wataingia katika jaribio. Karani atapiga kura. Nusu yao wataombewa, nusu hawataombewa. Mimi sitajua nani yuko upande gani, wala madaktari, wala wagonjwa wenyewe. Mwishoni tutahesabu waliopona vizuri na waliopata matatizo. Profesa anasema kwamba kama yuko Mungu anayesikia, hesabu itamwonyesha, na kama haimwonyeshi, hilo nalo ni jibu.

Nahitaji watu kumi na wawili wanaosali kwa nidhamu, wasiokosa siku, wasioongeza wala kupunguza. Nimewafikiria watu wengi, na kila mara nimerudi kwako. Najua hujanisamehe kuondoka seminari. Siombi msamaha. Naomba watu kumi na wawili.

Mwanao,
Devasia

*

Plathottam, 30 Juni 1986

Kwa Devasia,

Milele, Amina. Barua yako ilichukua siku tisa, nne zikiwa za posta na tano za mvua. Ndani ya hii utaikuta ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Ndama ni jike. Miti ya mpira haigemwi kwa sababu ya mvua, kwa hiyo mgema amekuja kulala barazani petu na kutoa maoni juu ya serikali. Mama yako mkubwa hupumua kwa shida akipanda kutoka kisimani. Anasema ni unene. Hajanenepa.

Nilimpelekea Padre mada yako. Alisema kwamba kumjaribu Mungu kumekatazwa. Nikamjibu kwamba anayejaribiwa hapa si Mungu, ni Devasia, na hilo halijakatazwa popote. Alifikiri kidogo, akaomba chai.

Watu kumi na wawili wamepatikana. Nina swali moja kabla ya kuanza. Wagonjwa wako wana mama zao. Je, hao utawazuia wasiwaombee watoto wao?

Ulikaa seminari miaka minne, ukatoka ukisema kwamba hukuonyeshwa kitu. Sasa umeleta wewe mwenyewe njia ya kuonyeshwa. Basi jambo hili litafanywa sawasawa.

K. P. Pailey
Mwalimu Mkuu mstaafu

*

Madras, 20 Julai 1986

Mpendwa Baba Mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru kwa wino mwekundu. Mwenzangu wa chumbani ameibandika barua ile ukutani. Hapa ni joto, na maji ya bomba hutoka saa mbili kwa siku.

Kuhusu mama wa wagonjwa: hatuwazuii. Tunachukulia kwamba kila upande una mama wenye bidii na mama wavivu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo wanafutana. Tunachopima ni ile sala inayoongezwa na kundi lako.

Nimeambatisha karatasi yenye mafungu tisa ya kutiwa sahihi na kila mwanachama. Yasome yote, ila mawili ni ya lazima kabisa. Fungu la nne: mwanachama hatamwambia mtu yeyote wa hospitali, nikiwemo mimi, majina yaliyomo katika orodha. Fungu la sita: hadi jaribio limalizike Juni mwakani, mwanachama hatamwombea mgonjwa yeyote wa wadi ile ambaye hayumo katika orodha. Kila mwezi karani atakupelekea orodha mpya moja kwa moja.

Je, Mama Mkubwa amekwenda kwa daktari?

Mwanao,
Devasia

*

Plathottam, 11 Septemba 1986

Kwa Devasia,

Milele, Amina. Mvua imepungua. Tumekula mafenesi mpaka ng'ombe ameyakataa. Shangazi yako Kunjeli anaumwa magoti, lakini husali akiwa amepiga magoti hivyohivyo ili sote tujue.

Wote kumi na wawili wametia sahihi, Kunjeli mara mbili. Tunakutana nyumbani kwetu kila jioni. Nasoma jina, tunasali, nasoma linalofuata. Mtu mmoja alitaka kuongeza shemeji yake mwenye pumu. Nilimwonyesha fungu la sita. Alisema kwamba shemeji yake hayuko Madras. Nilimwambia kwamba basi amwombee nyumbani kwake.

Kuna badiliko moja ambalo sina budi kukuarifu. Unakumbuka kwamba tangu enzi za mama yangu sala ya jioni ya nyumba hii humalizika kwa Baba Yetu moja kwa ajili ya wale wasio na mtu wa kuwaombea. Nimelitazama jambo hili kwa makini. Nusu ya pili ya wadi yako ni, kwa mpango wako mwenyewe, watu wasioombewa. Kwa hiyo nimeisimamisha Baba Yetu hiyo mpaka jaribio limalizike.

Mama yako mkubwa hakupendezwa.

"Unawanyima watu Baba Yetu moja, Mwalimu?"

"Siwanyimi. Nawatenganisha."

"Na wale wa kwingine? Wasio na mtu huko Brazili, huko Urusi?"

"Watasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Juni."

"Mungu mwenyewe hajawahi kuwaambia wasubiri mpaka Juni. Wewe unaweza."

Ametii. Ila ifikapo saa ya sala ile, sasa huenda jikoni na kusugua sufuria kwa nguvu.

Hajambo.

K. P. Pailey

*

Madras, 2 Novemba 1986

Baba Mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Wewe umeandika kwamba hajambo. Shangazi Kunjeli ameniandikia kwamba Mama Mkubwa alianguka kanisani akiwa kwenye mstari wa komunyo, kwamba Padre alisimamisha misa, na kwamba daktari wa mjini alimsikiliza moyo na kusema kuna vali inayovuja. Hayo yalitokea tarehe 5 Oktoba. Barua yako ya tarehe 12 Oktoba ilihusu bei ya karatasi na tabia ya mgema.

Nimezungumza na daktari wa upasuaji. Mleteni Januari. Vali itabadilishwa. Wengi hupona. Sitakuficha kwamba wengine hawaponi.

Kuhusu jaribio, usiwe na wasiwasi. Nitamwambia sista wa wadi asimwandikishe.

Mwanao,
Devasia

*

Plathottam, 19 Januari 1987

Kwa Devasia,

Milele, Amina. Pilipili manga zimeiva. Nimezianika uani na ninazigeuza mwenyewe. Sijazoea kugeuza pilipili. Ilikuwa kazi ya mama yako mkubwa.

Yeye na Kunjeli walipanda treni tarehe 4, kama unavyojua. Mimi nimebaki kwa sababu wadi ya wanawake hairuhusu mwanamume kumuuguza mgonjwa wake, na kwa sababu ya kundi. Kunjeli ameniandikia kwamba mama yako mkubwa alipewa fomu ya jaribio pamoja na wenzake, kwamba sista alimwambia si lazima, na kwamba alijibu, "Kazi ni ya mtoto wetu, mnataka niikimbie mimi?" Kwa hiyo ametia sahihi. Ni mgonjwa wa jaribio kama wengine. Wewe ulikuwa darasani.

Orodha mpya ilifika Alhamisi. Ina majina kumi na manne. Niliisoma mara mbili, kisha mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani. Fungu la nne halinipi ruhusa ya kukwambia kama yumo au hayumo, na sikwambii.

Nakuarifu tu, kama kiongozi wa kundi, habari za wanachama. Wanne walijiuzulu Ijumaa. Nilidai wajiuzulu kwa maandishi. Wote waliandika sababu moja: wanataka uhuru wa kusali. Wa tano, Kunjeli, amejiuzulu leo asubuhi kwa telegramu. Tumebaki saba, nami nikiwa mmoja wao. Kazi inaendelea.

Muulize kama amepata soksi. Nilizifunga katika kile kikapu cha ndimu.

K. P. Pailey

*

Madras, 27 Januari 1987

Baba Mkubwa,

Nisamehe, leo sina salamu. Soksi amezipata.

Mimi ni mtu wa hesabu. Watu watano hawajiuzulu ili wamwombee mtu ambaye tayari yumo katika orodha. Hukuniambia, lakini sasa najua, nawe ulijua kwamba nitajua. Mama Mkubwa yuko upande wa wasioombewa. Watano wametoka ili wapate kumwombea. Wewe umebaki.

Upasuaji ni tarehe 17 Februari. Nakuomba mambo mawili, uchague moja. Jiuzulu. Au niache nimfute katika jaribio, naweza kufanya hivyo kesho, ni karatasi moja tu. Profesa hatagomba.

Nisikilize. Mimi siamini kwamba sala yako itabadilisha uzi mmoja wa mshono. Lakini wewe unaamini. Unaamini kwamba yuko anayesikia, na mke wako wa miaka arobaini na miwili atapasuliwa kifua, nawe unakaa hapo jioni unasoma majina ya watu usiowajua na kunyamaza ukifika mwisho. Unawezaje?

Devasia

*

Plathottam, 6 Februari 1987

Kwa Devasia,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua isiyo na salamu haijakamilika, kwa hiyo nimeanza mimi kwa niaba yako.

Pilipili zimekauka na zimetiwa magunia. Ng'ombe hataki kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa mama yako mkubwa. Anakamuliwa.

Fungu la sita halina mstari wa waume. Nimelisoma tena.

Ukimfuta katika jaribio kwa sababu unampenda, utabaki na wadi ya watu usiowapenda, na matokeo yake hayatamshawishi mtu yeyote, wewe ukiwa wa kwanza. Nikijiuzulu, sita waliobaki watatawanyika kabla ya Jumapili. Mmoja wao huja kwa ajili ya chai. Jaribio lako litakwisha, na mimi nakujua. Utasema kwamba hukuonyeshwa kitu kwa sababu sisi hatukuwa waaminifu. Hutapata nafasi ya kusema hivyo.

Umeuliza nawezaje. Swali hilo halimo katika fungu lolote.

Tarehe 17 utume telegramu.

K. P. Pailey

*

Madras, 12 Machi 1987

Mpendwa Baba Mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Telegramu zangu tatu umezipata, kwa hiyo unajua kwamba yuko hai, kwamba alitokwa na damu akarudishwa chumba cha upasuaji tarehe 18, na kwamba atasafiri tarehe 16 mwezi huu. Hukujibu hata moja. Shangazi Kunjeli anasema telegramu ya kujibu ungeiona kuwa ni maneno pungufu. Nakuandikia sasa yale yasiyotoshea katika telegramu.

Tarehe 20 Februari Shangazi alipata homa, sista akaniruhusu kukaa pale kwa saa moja moja. Jioni Mama Mkubwa alifumbua macho. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Devasi, kunakucha au kunakuchwa?"

"Kunakuchwa, Mama Mkubwa."

"Basi sali."

"Siwezi."

"Huwezi, au umesahau?"

"Vyote viwili."

"Miaka minne mapadre wamekulisha bure. Basi sema ile moja tu, ya mwisho. Nyumbani baba yako mkubwa ameifunga kama shule wakati wa likizo."

Nilimwambia kwamba mimi ndiye mtafiti. Akasema, "Hongera. Anza."

Wadi ina vitanda ishirini na viwili. Nilivitazama. Nusu ya watu wale nilikuwa nimewaweka mimi mwenyewe mahali ambapo hawaombewi, kwa kura, kwa uadilifu, kwa ajili ya sayansi. Nikaisema. Kwa sauti, kwa sababu yeye husikia vibaya upande wa kushoto. Baba Yetu moja kwa ajili ya wale wasio na mtu wa kuwaombea. Mama wa kitanda cha jirani, wa dini ya Kihindu, wa hapa hapa Madras, alikunja mikono mpaka nikamaliza. Kesho yake wagonjwa wale wakaniita mapema. Nimeisema kila jioni mpaka tarehe 8 Machi.

Tarehe 9 nilikwenda kwa Profesa. Aliniuliza ni mara ngapi. Nikamwambia ni mara kumi na saba. Aliniuliza kama nilimtaja mgonjwa kwa namba au kwa jina. Nikamwambia kwamba niliwataja wote. Alifungua daftari la jaribio akaandika, "Mtafiti amesali," akapiga mstari chini yake. Alisema kwamba katika miaka thelathini ya kazi hajawahi kuandika sentensi hiyo. Kisha akatazama hesabu za kabla ya tarehe 20, ambazo bado ni safi. Walioombewa hamsini na sita, waliopata matatizo kumi na tisa. Wasioombewa hamsini na sita, waliopata matatizo kumi na wanane. Hakuna tofauti. Hata hivyo watu ni wachache mno, na sasa haitawezekana kuongeza wengine. Jaribio limefungwa. Nimepewa mada mpya, minyoo ya tumbo kwa watoto wa shule za msingi.

Wewe ulishika neno lako, mimi niliyeliandika nikalivunja. Usiniulize kama nilipokuwa naisema nilimaanisha.

Mwanao,
Devasia

*

Plathottam, 25 Machi 1987

Mpendwa Devasia,

Milele, Amina. Mama yako mkubwa alifika tarehe 18 akiwa mzima. Hapandi kutoka kisimani. Amekatazwa kuinua kitu kizito kuliko biringanya, kwa hiyo anaketi mlangoni pa jiko na kumwinulia Kunjeli sauti. Ng'ombe alimtambua kabla ya jirani yeyote.

Sikuulizi.

Kuhusu jaribio: ulifanya vibaya. Ungeweza kusubiri mpaka Juni. Nimekwisha kulisema hilo na sitalirudia.

Kuhusu telegramu zako: kila moja ilifika, na karani wa posta alinisomea dirishani mbele ya watu kabla sijanyosha mkono. Ile ya tarehe 18 sikuweza kuijibu. Jioni ile nilisoma majina kumi na manne kama kawaida, nikafika la mwisho. Uliniuliza nawezaje. Sikuweza. Nilifunga tu mdomo, na kundi likadhani ninasubiri chai. Nilitaka upate jibu safi, kwa sababu nakujua, hukubali jibu la aina nyingine. Nilifikiri kwamba likiwa safi utarudi. Sasa naona kwamba nilimtoa mtu mmoja sadaka kwa ajili ya mwingine bila kumwuliza hata mmoja wenu.

Ilinibidi nimwambie. Nilimwambia Jumapili, baada ya muhogo na samaki. Kunjeli alikuwepo, kwa hiyo nayaandika yalivyosemwa, kabla hajakuandikia yeye.

"Sikukuombea," nikasema.

"Lini?"

"Tangu tarehe 15 Januari. Mpaka barua ya kufunga jaribio ilipofika. Hata siku ya kupasuliwa."

Alisimamisha mkono juu ya sahani. "Kwa nini?"

"Nilikuwa nimetia sahihi."

"Hata kanisani ulitia sahihi, Mwalimu. Mwaka wa arobaini na tano, kwenye kitabu kikubwa, na Padre akakuazima kalamu. Ile ilikuwa ya nini?"

"Nilikwambia, wifi," akasema Kunjeli. "Kichwa cha kaka yangu ni ubao wa shule. Kinaandikwa, hakisikii."

"Wewe nyamaza, ulijiuzulu kwa telegramu," nikamwambia.

"Nami najivunia!"

Mama yako mkubwa hakucheka. Alimsukumia Kunjeli sahani yake. Kisha akasema, "Haya, piga magoti."

"Sasa?"

"Sasa. Niombee nipone."

Nilimweleza kwamba amekwisha kupona. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba jambo lililokwisha kutokea haliombewi, kwamba upasuaji ulikuwa tarehe 17 Februari na leo ni tarehe 22 Machi, na kwamba sala inayokuja baada ya matokeo haiwezi kuwa sababu yake.

"Nani amekwambia Yeye anasoma kalenda yako?" akasema.

Nilifundisha miaka thelathini na sita, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali nikakosa la kumjibu. Halafu nikapiga magoti hapo jikoni, penye maji ya kuoshea samaki, nikaomba kwamba upasuaji wa tarehe 17 Februari ufanikiwe, na kwamba damu iliyotoka tarehe 18 izuilike. Nilichukua muda. Wao wawili wakasema Amina. Mama yako mkubwa akanipa mkono ili ninyanyuke, jambo ambalo amekatazwa.

Najua kwamba daftari limefungwa na kwamba wewe sasa unahesabu minyoo. Lakini nilikuwa kiongozi wa kundi, na ni wajibu wangu kumwarifu mtafiti sala yoyote iliyosemwa kwa ajili ya mgonjwa wa wadi ile ambaye hayumo katika orodha. Basi nakuarifu. Imesemwa. Uiingize, ila mimi sijui utaiandika chini ya tarehe gani.

Baba yako mkubwa,
Pailey